Theopista na Pantoni ya Msiba

Watu wa kisiwa cha Kalumbi husema ukitaka kumkosea Theopista, mkosee nyumbani kwake. Nyumbani atanung'unika kidogo, kisha atakukaribisha ugali. Usimkosee langoni kwa pantoni. Pale langoni Theopista hana mjomba wala shemeji.

Lango lenyewe ni bamba la chuma ambalo pantoni hulilaza juu ya gati ili magari yapande na kushuka. Kati ya Kalumbi na ng'ambo ya Karema kuna maji ya Ziwa Tanganyika, maji ambayo mgeni huyadharau kwa sababu huyaona asubuhi, yamelala kama nguo iliyopigwa pasi. Mchana upepo wa kusini huamka, na hapo ndipo yanapoonyesha tabia yake. Kila kinachoingia kisiwani huingia kwa pantoni: mabati, saruji, soda, walimu wapya na magodoro yao. Kila kinachotoka hutoka nayo: mihogo, mawese, dagaa, wagonjwa wa kupelekwa Mpanda. Theopista ndiye mpangaji. Husimama langoni na kizibao chake cha njano na filimbi shingoni, akaonyesha kwa mkono: Fuso katikati, Noa nyuma yake, pikipiki ubavuni, watu kwenye mabenchi. Kisha huinama kutazama mstari mweupe uliochorwa ubavuni mwa chombo. Mstari ukibaki juu ya maji, anapuliza filimbi na lango linainuliwa. Maji yakiugusa, mtu atashuka, awe nani.

Hakuzaliwa na ukali huo. Alipokuwa msichana, kabla pantoni haijaletwa, watu walivuka kwa boti kubwa la mbao. Siku moja boti hilo lilibeba watu wa harusi. Mgeni wa harusi hafukuzwi, ndivyo walivyoambizana kule ng'ambo, na kila aliyechelewa aliitwa, "Njoo, njoo, tutabanana." Lilizama watu wa kisiwani wakilitazama, ngoma zikiwa bado zinasikika. Mama yake Theopista alikuwemo. Baba yake, mzee Selestine, alikuwa miongoni mwa wale waliopiga mbizi na kutoa maiti moja baada ya nyingine, mpaka akampata na mkewe. Hakuisimulia siku ile kwa mtu yeyote. Ila miaka mingi baadaye, pantoni ilipokuja na kazi zikatangazwa, alimkuta Theopista anaanua dagaa, akamwambia, "Acha hizo dagaa. Kaombe kazi. Siyo ya kukata tiketi. Ya langoni."

Theopista akaomba, akapata, na haukupita muda mrefu akamshusha baba yake mwenyewe. Mzee alipanda wa mwisho na mbuzi wawili, na maji yakagusa mstari.

"Baba, shuka."

"Mimi?"

"Wewe na mbuzi wako."

Abiria wakashika vinywa. Mzee akashuka, akaketi juu ya gunia la mihogo kusubiri safari nyingine. Jioni alipofika nyumbani alipita kwa majirani akijisifu, "Nyie mmezaa watoto. Mimi nimezaa polisi!"

Mwaka jana mzee Selestine akaugua tumbo. Mwanawe Ponsian, mdogo wake Theopista, akamchukua kwake Nsemulwa, mjini Mpanda, ili awe karibu na hospitali. Theopista alikwenda mara mbili kumwuguza. Mara ya tatu hakuwahi. Simu ilimkuta langoni, akaisikiliza, akapanga magari yaliyobaki, akapuliza filimbi, kisha akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha tiketi mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Ilikubaliwa kwamba mzee azikwe Kalumbi, ubavuni mwa mkewe. Mumewe Theopista, Respicius, akabaki kisiwani na vijana wa kuchimba kaburi. Theopista akavuka na pantoni ya asubuhi kwenda kuupokea mwili gatini ng'ambo. Alikuwa na neno moja tu moyoni. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza ndiye hutia udongo wa kwanza juu ya jeneza la mzazi, kwa mkono wake, kabla ya mtu mwingine kugusa koleo. Mama yake alizikwa pamoja na wengi siku ile ya harusi, kwa haraka na vilio, na mtoto wa kike aliwekwa kando. Udongo ule hakuutia. Huu wa baba aliusubiri kama mtu anavyosubiri neno la mwisho.

Kepteni Makarius, nahodha wa pantoni, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwendea pale gatini.

"Dada Theopista, leo wewe ni mfiwa. Vua hicho kizibao. Lango atashika Hana."

Hana alikuwa mama wa makamo aliyehamishiwa pale karibuni kutoka kwenye tiketi. Theopista akamtazama, akamtazama kepteni, akavua kizibao na filimbi, akampa Hana. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaketi kwenye benchi la abiria kama abiria.

Msafara ulitokea saa za adhuhuri. Mbele ilikuwa pikapu yenye jeneza, na ndani yake, kando ya dereva, Baba mdogo Bartolomeo, mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo sasa. Nyuma yake Kosta ya watu wa Nsemulwa. Nyuma ya Kosta Fuso, na hilo Fuso lilikuwa limepakia watu njiani, Kabungu na Kasekese kote, mpaka juu ya kichwa cha gari. Nyuma ya Fuso trekta na tela lake limejaa wanawake wenye masufuria, na nyuma ya trekta bodaboda zisizokuwa na idadi. Mzee Selestine aliwahi kulima Kasekese miaka mingi, na alikuwa mtu wa watu.

Magari yaliyokuwa kwenye foleni yakasogea pembeni yenyewe. Gari la msiba halipangi foleni, hilo kila mtu analijua. Pikapu ikapanda. Kosta ikapanda. Fuso likapanda, na chombo kikatikisika. Wote waliokuwa kwa miguu, na wanawake walioshuka kwenye tela, wakaingia wakiimba.

Hana alisimama na mikono yake miwili hewani, akaishusha. Alikuwa ameinua kidole kuanza kuhesabu vichwa, na mzee mmoja akamshika kidole hicho kwa upole, akakikunja.

"Mama, watu wa msiba hawahesabiwi."

Na kweli, kwao hawahesabiwi. Wanaamini ukiwahesabu waombolezaji umeanza kumhesabu wa kumfuata marehemu. Hata chakula cha matanga hupikwa kwa kukisia, na anayegawa sahani hataji idadi. Tena waliosafiri na maiti hawaachani nayo njiani. Walioondoka nayo pamoja ndio wanaopaswa kuingia nayo nyumbani pamoja. Ni mila nzuri zote mbili, zilitungwa na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu.

Kando ya pikapu alikuwa amejilaza mtu mzima mrefu mwenye fimbo, akizuia mlango wa nyuma. Huyo ni Malale, mfugaji Msukuma wa Kasekese aliyetoka kaskazini na ng'ombe zake enzi hizo, akapokelewa na mzee Selestine, wakawa watani mpaka uzeeni. Mtani msibani hana mipaka.

"Hili jeneza refu hivi la nini?" alikuwa anauliza kwa sauti. "Selestine mfupi kama mchi! Nyie wavuvi mmemfungia humu na samaki, sivyo? Fungueni nikague!"

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Theopista naye akacheka. Akasogea akaweka kiganja juu ya jeneza la baba yake. Na hapo, kiganja kikiwa juu ya mbao, miguu yake ikamwambia jambo. Miaka yote amesimama juu ya chuma hiki, anajua kinavyorudi juu kikikanyagwa. Leo hakikurudi. Trekta lilikuwa linaweka magurudumu yake ya mbele langoni.

Akaenda ubavuni, akainama. Mstari mweupe haukuonekana. Maji yalikuwa juu yake kiasi cha kiganja, na bado bodaboda zilikuwa zinaingia. Akatazama kusini. Mbali, maji yalikwisha anza kubadilika rangi.

Theopista alitazama huku na huku amtafute mtu mwingine wa kusema. Hana alikuwa amejibanza kwenye nguzo na filimbi mdomoni, haipulizi. Akapanda ngazi kwenda kwa Makarius.

"Kepteni, umeona?"

"Nimeona."

"Basi sema."

Makarius akajifuta jasho. "Niseme nini kwa maiti ya baba yako? Mimi ni wa kuja hapa, dada. Nikiushusha msiba wa watu, kesho sinunui hata chumvi Kalumbi. Mimi naondoa chombo lango likifungwa. Lango siyo langu."

Ni jibu la mwoga, lakini lilikuwa na ukweli ndani yake. Lango halikuwa lake. Theopista akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa Hana, akanyoosha mkono. Hana akampa filimbi haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Akapuliza mara moja, ndefu. Nyimbo zikakatika.

"Ndugu zangu," akasema, "poleni kwa safari. Chombo kimezidiwa. Trekta lirudi nyuma. Fuso lishuke pamoja na watu wake wote, wasubiri safari ya pili. Pikapu na Kosta zitatangulia na Baba."

Minong'ono ikazuka, kisha mlango wa pikapu ukafunguliwa na Baba mdogo Bartolomeo akatoka. Alikuwa mzee mkavu, suti nyeusi imemzidi, na macho mekundu ya kukesha.

"Nani amepiga filimbi kwenye msiba wa kaka yangu?"

"Mimi, Baba mdogo."

"Theopista." Akatikisa kichwa. "Leo? Hata leo?"

"Maji yamepita mstari. Na upepo unakuja, uone kule."

"Tumetoka Mpanda toka alfajiri. Maiti imetoka mochwari, haiwezi kulala tena, unajua. Hawa watu wameacha mashamba yao. Huyu ametoka Kabungu na mguu mbovu. Unataka nimwambie nini? Kwamba mtoto wa marehemu amempima kilo?"

"Mwambie asubiri kidogo. Pantoni itarudi."

"Watu wa msiba hawahesabiwi na hawagawanywi!"

"Sijamhesabu mtu, Baba mdogo. Nimetazama maji."

Mdogo wake Ponsian akamvuta kitenge. "Dada, tafadhali, usituaibishe. Si mbali. Tutavuka polepole."

"Hata wale wa harusi walikuwa wanavuka polepole, Ponsian. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, hukumbuki. Mimi nakumbuka."

Ponsian akaachia kitenge. Lakini hakuna aliyeshuka. Watu walitazamana, kila mmoja akingoja aanze mwenzake, na kila mmoja akiona kwamba yeye hasa ndiye asiyeweza kuanza: huyu ni shemeji, huyu ni mtoto wa ubatizo, huyu alikopeshwa jembe na marehemu na hakumshukuru vya kutosha.

Theopista akamgeukia Malale, ambaye alikuwa bado amelala chini karibu na jeneza, jicho moja wazi.

"Mtani, wewe huzuiliwi na mwiko wa mtu."

"Hata kidogo," akasema Malale.

"Basi nisaidie."

Malale akainuka akijipangusa suruali, akaona maji, akaona uso wa Theopista, akaelewa. Fimbo ikapaa juu.

"Hoo! Hoo! Nyie kundi gani hili!" akaanza, akiwapiga watu miguuni polepole kama anayeswaga. "Ng'ombe wangu wana akili kuliko ukoo wa Selestine! Ng'ombe akiona zizi limejaa anarudi nyuma anacheua. Nyie mnasukumana tu! We mama wa sufuria, shuka, huko Kalumbi wana masufuria. Na wewe mwenye kitambi, ndiyo, wewe, peke yako ni gari la tatu! Shuka, marehemu alisema hakupendi!"

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Kwa mtani haiwi aibu. Ukifukuzwa na mtani umefukuzwa na mzaha, na mzaha hauleti laana. Mwenye kitambi akashuka akitukana kwa furaha. Wanawake wa tela wakamfuata. Trekta likarudi nyuma. Bodaboda nazo zikatoka. Majirani na watu wa kando wote wakashuka.

Walibaki ndugu. Hao ndio waliojaa juu ya Fuso na kuzunguka pikapu, na hao hawakucheka. Malale aliwafikia akasimama, akashusha fimbo.

"Dada," akamwambia Theopista kwa sauti ya kawaida, "utani wangu unaishia hapa. Wenye damu sina ruhusa nao. Mfiwa anashushwa na mfiwa."

Theopista akainama tena ubavuni. Mstari ulionekana mara moja, ukafunikwa, ukaonekana, ukafunikwa. Bado. Lazima Fuso lishuke na waliomo.

"Baba mdogo, bado hili Fuso."

Na hapo Bartolomeo, aliyekuwa amevumilia kufukuziwa waombolezaji kwa fimbo, akachoka. Akaweka mkono wake juu ya jeneza ili kila mtu auone.

"Sikilizeni nyote. Atakayewashusha watoto wa ukoo huu kwenye maiti hii, udongo wa kaburi la kaka yangu hataushika. Nimesema mbele yake mwenyewe, na yeye ananisikia." Kisha akamtazama Theopista, na kwa kejeli, kwa sababu alikuwa na hakika ya jibu, akaongeza, "Na kama chombo kimejaa, basi ashuke kwanza yule anayesema kimejaa! Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Shuka tuone."

Wapo watu ambao msimamo wao hudumu mpaka siku utakapowagharimu wenyewe. Siku hiyo huukuta ulikuwa na tundu. Theopista alisimama pale na filimbi mkononi, na wote walijua kinachopimwa. Akishuka, safari ya pili itategemea upepo, na mazishi hayamngoji mtu. Akibaki, hana neno tena la kumwambia yeyote, leo wala kesho.

Akaenda kwenye jeneza. Akapiga magoti juu ya chuma, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Baba," akasema, siyo kwa kunong'ona, "nilikushusha ukiwa hai, ukashuka. Leo nashuka mimi. Nenda salama."

Akainuka, akapita katikati yao akitazama mbele, akavuka lango, akasimama gatini. Hakumwita mtu.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Shangazi Yustina, dada wa marehemu na Bartolomeo, mwanamke mfupi mwenye fimbo ya kutembelea. Alishushwa kutoka kwenye kiti cha mbele cha Fuso akilalamika kwamba magoti yamekufa.

"Dada, unakwenda wapi?" akauliza Bartolomeo.

"Ninakwenda alipo mfiwa mkubwa," akasema Yustina. "Maiti ina watu. Yeye hana."

Shangazi hapingwi. Wakaanza kushuka binamu, kisha wakwe, kisha vijana wa juu ya kichwa cha Fuso, mmoja mmoja, kisha wengi. Ponsian akatia mguu langoni ashuke naye, Theopista akamrudisha kwa mkono. "Wewe nenda. Pawe na mtoto wake pale." Dereva wa Fuso akawasha, akarudi nyuma taratibu, na gari lilipoachia lango, pantoni yote ikainuka kama mtu aliyetua mzigo. Mstari mweupe ukatokea, mzima, ukimwaga maji.

Theopista akapuliza filimbi. Lango likapanda. Bartolomeo alisimama karibu na jeneza, amempa mgongo.

Chombo kilipokuwa katikati, upepo ukafika. Waliobaki gatini waliona pantoni ikiinama na kuinuka, povu jeupe likirukia langoni. Shangazi Yustina akatoa rozari, akaanzisha sala, na wote wakaitikia, na ilipokwisha wakaanza upya. Mara kwa mara mtu mmoja alimtazama Theopista kisha akatazama pembeni. Yeye alisimama wima, macho majini, mpaka alipoona chombo kimegusa gati la Kalumbi. Ndipo akaketi.

Pantoni haikurudi upesi. Makarius alisubiri upepo upungue, na alifanya vema. Jua lilikuwa limeshuka sana ilipolaza lango tena, na kepteni mwenyewe akaja kumpokea Shangazi mkono.

"Maji yalipanda langoni," akamwambia Theopista chini chini. "Hata na mzigo ule mdogo. Yalifika mpaka kwenye ngazi yangu. Baba yako mdogo alikuwa amesimama pale pale, yalimlowesha suti. Dada, kama tungekuwa wote..."

"Inua lango, Kepteni," akasema Theopista.

Walivuka. Kutoka gati la Kalumbi mpaka nyumbani kwa mzee kuna mlima mfupi, na walipofika nusu yake Theopista hakusikia nyimbo. Akajua. Aliongeza mwendo hata hivyo.

Kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Respicius na vijana walikuwa wanasawazisha kingo kwa koleo, na msalaba wa mbao ulikuwa umesimamishwa. Malale aliketi kando, suruali yake yote udongo.

"Nilijitupa ndani, dada," akasema. "Nililala mle kaburini nikasema sitoki mpaka mwanawe aje. Nikakaa. Katekista akatazama jua, akatazama jua. Wakanitoa kwa kamba kama ndama."

"Ahsante, mtani."

Kwa mila, waliokuja nyuma huongeza udongo juu, kila mmoja konzi moja, ili naye awe amezika. Shangazi Yustina akaanza kuinama, kisha akajinyoosha, akamtafuta kaka yake kwa macho.

"Bartolomeo. Mimi nilishuka. Udongo nitie nisitie?"

Baba mdogo alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi, suti yake imekauka na kuacha alama ya maji hadi magotini. Akatazama wale waliokuwa wanapanda mlima, wazee, wakwe, akina mama na masufuria, mwenye mguu mbovu wa Kabungu akishikiliwa na wawili. Walikuwa nusu ya ukoo.

"Tieni," akasema. "Nyie hamkushusha mtu. Mlishuka."

"Na huyu?"

Bartolomeo akamtazama Theopista kwa mara ya kwanza tangu gatini. Hapakuwa na hasira tena usoni mwake, palikuwa na kitu kizito zaidi ya hasira.

"Mwanangu, niliyaona yale maji," akasema. "Niliyaona. Lakini niliapa mkono wangu ukiwa juu ya jeneza, na watu wakasikia. Nikilirudisha neno hilo leo, kesho nitaapa na nani ataniamini? Wewe hutautia udongo."

Shangazi akafungua kinywa. Ponsian naye akapiga hatua mbele. Theopista akawazuia wote wawili.

"Mwacheni. Baba mdogo amesema neno lake, na mimi nililisikia kabla sijashuka. Sikulazimishwa." Akarudi nyuma hatua moja, akafumbata mikono yake mbele ya kitenge. "Tieni nyie."

Wakapita. Shangazi kwanza, kisha binamu, kisha wakwe, kisha wale wa Kasekese na wa Kabungu, kila mmoja akainama, akachota, akaachia, akasogea. Ilichukua muda mrefu kwa sababu walikuwa wengi. Theopista alisimama mpaka wa mwisho, akitazama mikono. Ilikuwa mikono mikavu yote, hakuna hata mmoja uliotolewa majini. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta, wala hakusogea mbele.

Walipokuwa wanatawanyika kwenda kukaa matanga, Hana, ambaye alivuka na safari ya pili akiwa bado na kizibao, alimsogelea akasimama kando yake kwa aibu.

"Dada, mimi ningewaachia waende," akasema. "Nilishawaachia."

"Najua."

"Siyo kwamba sikuona. Niliona. Nilishindwa tu kufungua mdomo."

Theopista akaupangusa uso wake kwa ncha ya kitenge, akamtazama Hana kutoka juu mpaka chini, kama anavyotazama gari kabla ya kulipangia nafasi.

"Kesho kutwa tukitoka matanga, uwe langoni mapema kabla magari hayajaja," akasema. "Tutaanza na kufungua mdomo. Kupanga magari utajifunza baadaye, hilo ni rahisi."